Kiti Kipya cha Ruhani

Asubuhi ya Ijumaa kliniki ya Ansbert pale Tabata ilinuka marashi ya waridi, na hapakuwa na mtu aliyejipaka marashi. Raudha, binti wa mapokezi, alifungua madirisha yote. Harufu haikutoka.

"Wagonjwa hawa na manukato yao," Ansbert alisema, akaagiza sakafu ipigwe deki tena.

Huyu Ansbert, kwa wasiomjua, alikuwa muuza vigae. Kisha akahudhuria kozi ya wiki sita ya tiba za Kichina, akatundika ukutani cheti asichoweza kusoma hata herufi moja, akaanza kuitikia jina la Dokta. Tiba zenyewe zina wenyewe, watu wanaozisomea miaka na miaka. Yeye alijifunza juujuu kuchoma sindano, kubandika vikombe vya kioo mgongoni na kufukiza majani ya pakanga. Kudharau watu hakuhitaji kozi.

Jana yake alikuja Bibi Mwamvita wa Keko, anaumwa mgongo. Alipolala kitandani alisema kwa upole, "Baba, mie nina ruhani. Nimekaa naye miaka arobaini. Ukitaka kufukiza, muombe kwanza ruhusa, umwambie na pa kwenda. La sivyo atahamia kwako."

Hilo mtu yeyote wa pwani analijua: jini hang'olewi alipokaa kabla ya kuulizwa anataka nini. Ansbert alicheka mpaka akafuta machozi.

"Bibi, hapa tunatibu kisayansi. Mashetani yako yaache hukohuko Keko."

Akambandika vikombe saba, akawasha pakanga. Bibi alitetemeka mara moja, akapiga chafya, akatulia. Alitoka amenyooka vizuri, na mjinga yule akajipongeza.

Sasa, saa nne ya Ijumaa hiyo, vikombe vilianza kugongana rafuni, taratibu, kama mtu anavihesabu. Ansbert akasema ni malori. Barabara ilikuwa tupu. Saa sita akahisi ngozi ya mgongo inavutwa. Akamwita Raudha chumba cha tiba, akavua shati.

"Niangalie mgongoni," alinong'ona.

Raudha aliona maduara saba ya zambarau, yamejipanga vilevile kama ya Bibi Mwamvita.

"Nani kakuumika vikombe, Dokta?"

"Hakuna. Mimi siumikwi, vikombe naviogopa."

Akataka kuvaa shati lakini mikono haikumtii, wa kulia ukachukua kikombe na wa kushoto ukawasha pamba ya kukipasha moto, naye akiitazama kama mikono ya mtu mwingine, kikombe kikabandikwa kifuani pake, kikavuta, nyama ikapanda ndani ya kioo, na harufu ya waridi ikazidi, kisha mdomo wake mwenyewe ukafunguka na sauti ya mwanamke, laini, ya mtu asiyezoea kungojeshwa, ikauliza, "Halua yangu iko wapi?"

Raudha alirudi nyuma mpaka ukutani.

"Ni ruhani wa bibi," alisema kwa sauti ya chini. "Kakufanya kiti chake. Bibi mwenyewe akimwita atarudi kwake. Asipomwita, Dokta, atakukalia mpaka unakufa."

Walimkuta Bibi Mwamvita kibarazani kwake Keko, anachambua mchele. Ansbert, aliyekuwa hampigii mtu magoti, alipiga magoti kwenye vumbi.

"Shikamoo, bibi. Mwite arudi. Nakuomba. Mikono hii si yangu tena."

"Marahaba." Bibi hakuinua macho. "Waume watatu wamenikimbia kwa sababu yake. Usiku wa jana nimelala mpaka alfajiri, mara ya kwanza tangu niko msichana. Nimwite wa nini?"

"Nitakufa."

"Hufi. Mie nilikufa? Utampa halua, utamnunulia marashi, na akitaka kusema utanyamaza. Hilo la kunyamaza ndilo litakutesa."

Ansbert akafunua mdomo kubisha. Kilichotoka ni sauti ya yule mwanamke, na safari hii ilikuwa inalia.

"Mwamvita, kweli unaniacha na huyu?"

Bibi alisimama na ungo wake, akamtazama Ansbert kuanzia utosini mpaka viatuni.

"Mtazoeana," alisema, akaingia ndani na kufunga mlango.