Kelele Tatu Ndani ya Gari la Baba

Kijiko kiligonga ukingo wa kikombe gizani, mara moja, mara ya pili, kikatulia. Mama Kidoti akafumbua macho. Umeme ulikuwa umekatika tangu jana, na wifi yake, dada wa marehemu mumewe, alikuwa jikoni akikoroga chai kwa kupapasapapasa kabla ya kwenda zake kazini kwenye tanuri la mikate.

"Umeamka, wifi?"

"Nitalalaje na wewe unapiga kengele?"

"Kengele ni hilo gari lako. Yule mama wa maabara kanipigia jana. Kasema wakivumilia ile karakata wiki moja zaidi, wote wanne wanatafuta gari lingine. Eti akipokea simu humo ndani watu wanamuuliza kama yuko kwenye mashine ya kusaga."

Mama Kidoti akacheka, lakini kicheko hakikufika mbali. Hao wanne, wafanyakazi wa zahanati aliowapeleka asubuhi na kuwarudisha jioni, ndio waliokuwa sukari, sabuni na ada ya chekechea. Gari lenyewe lilikuwa la mumewe. Lilikuwa kuukuu tangu siku alipolinunua, rangi ya maziwa yaliyokaa, na dashibodi iliyopasuka kwa jua. Kando yake kitandani Kidoti, binti yake wa miaka mitano, alikuwa amelala mdomo wazi, kidoti cheusi kidevuni kikionekana hata katika mwanga hafifu wa alfajiri.

Saa mbili na nusu asubuhi hiyo, abiria wameshashuka, alikuwa kwenye foleni ya kituo cha mafuta. Honi mbele, honi nyuma, pikipiki zikijipenyeza kila mahali. Alivaa gauni la bluu lililofuliwa mpaka likawa laini kama pamba na kilemba cha njano alichokifunga kwa haraka. Mwanamume mmoja akasimama dirishani. Ovaroli yake ya kijivu ilikuwa imepigwa pasi, mistari imesimama mikononi.

"Samahani, dada. Gari lako linalia mahali patatu."

"Na wewe unalia mahali pangapi?"

"Mimi bado sijapitishwa kwenye matuta." Hakutabasamu, ila macho yalicheka. "Moja inatoka kwenye nguzo ya pembeni mwa kioo cha mbele. Ya pili nyuma ya mshale wa mwendo. Ya tatu sijaijua."

"Wewe ni mganga?"

"Fundi. Watu wananiita Fundi Kimya. Injini siigusi, breki siigusi. Natafuta kelele za ndani tu. Karakana yangu ni pale nyuma, chini ya mabati."

Alitaka kumjibu kwa maneno makali kidogo, lakini foleni ikasogea, na gari likatoa ile karakata yake mbele ya watu wote. Aibu ikamshika. Akakata kona, akaelekea chini ya mabati.

Fundi Kimya alianza kwa kulikomba gari. Akatoa sarafu kwenye kisahani cha majivu, mwanasesere asiye na mguu, kijiko, kalamu tano za rangi, na rundo la funguo lililoning'inia chini ya usukani.

"Nusu ya kelele za magari ni mizigo ya wenyewe," alisema. "Sasa endesha. Mwendo wa thelathini, ile barabara mbovu ya nyuma ya soko. Redio hapana, kuongea hapana."

"Hata nikiona shimo?"

"Hasa ukiona shimo. Lipite."

Wakaenda. Fundi alikaa upande wa abiria, macho ameyafumba, kiganja amekiweka juu ya dashibodi kama daktari anayepima homa. Akibonyeza mahali na mlio ukikoma, aliinua kidole kimoja. Mama Kidoti akamtupia jicho: kope ndefu, kovu dogo la kuungua kwenye kifundo cha mkono, na harufu ya sabuni, si ya oili.

"Angalia barabara," akasema bila kufumbua macho.

"Umejuaje kwamba siangalii?"

"Usukani umeyumba."

"Si tulisema hakuna kuongea?"

Kidole kikainuka. Safari hii hakikuwa kikionyesha kelele yoyote.

Kelele ya kwanza iliisha siku hiyohiyo. Plastiki mbili za nguzo ya kioo zilikuwa zikisuguana, naye akapitisha kati yake ukanda wa sufu alioukata kwenye koti kuukuu. Ya pili ilimchukua siku mbili: fungu la waya lililolegea nyuma ya mshale wa mwendo, likigonga ukuta wake kila tuta. Akalivika sponji, akalifunga. Ya tatu ikamsumbua. Ilitoka adhuhuri tu, jua likishaiva.

"Plastiki ikipata joto inatanuka," alimweleza. "Kelele ya asubuhi na kelele ya mchana ni watu wawili tofauti. Nitakupigia jua likiwaka."

Akampigia.

"Jua limewaka. Uko wapi?"

"Nakuja, baba. Usilizime."

Kesho yake akapiga tena. "Leo kuna mawingu."

"Kwa hiyo hunihitaji."

"Nimepiga kukwambia kuna mawingu."

"Mimi nina macho, fundi."

"Najua. Nimeyaona." Akakata simu haraka kama mtu aliyeunguza mkono, na Mama Kidoti akabaki amesimama sokoni, kitunguu mkononi, akitabasamu peke yake mpaka muuzaji akamuuliza kama bei imempendeza.

Wiki nzima ikapita hivyo. Walizunguka na gari adhuhuri, kimya, wakitoka jasho, na kila mmoja akajua namna mwenzake anavyopumua. Waliposimama ndipo maneno yalipomwagika. Fundi alimwambia kwamba aliwahi kuoa, mke akaenda zake na mtu mwenye nyumba mbili. Tangu hapo alijiwekea mpaka, mke wa mtu hata salamu ampe kwa mbali. Mama Kidoti alisikiliza. Ulikuwa wakati wake wa kusema. Lakini neno "marehemu" alikuwa hajalitamka kwa miaka miwili, naye akauliza kama kuna maji ya kunywa.

Siku ya kelele ya tatu, alimwachia gari akaenda kumchukua Kidoti chekechea. Aliporudi amemshika mtoto mkono, akakuta droo ya dashibodi iko chini juu ya gazeti, na fundi anafagia.

"Nimeipata, bibie! Ilikuwa droo. Mtu aliishindilia kabari kila upande: kipande cha ndala, karatasi ngumu ya boksi la balbu, kiberiti kizima. Mtu akibana hapa, kelele inahamia pale. Kwangu lazima kutoa kila kitu alichoweka mwingine, ndipo nisikie gari lenyewe."

"Viko wapi?"

"Vipi?"

"Hivyo vitu!"

"Nimevitupa. Gari la taka limepita sasa hivi."

Kumbukumbu ikamrudia. Alimwona mumewe amepiga magoti mlangoni mwa gari lile, bisibisi kwenye meno, akikata ndala yake mwenyewe na kucheka kwamba kesho ataenda kazini mguu mmoja.

"Nani amekuruhusu kugusa vitu vya mume wangu?"

Ufagio ukasimama.

"Mume wako?"

"Ndiyo, mume wangu! Alivikata kwa mkono wake! Nimekuletea gari ulinyamazishe, sikukuletea nyumba yangu uipekue!"

Kidoti, aliyekuwa akiwatazama kwa zamu, akaingia katikati. "Baba akirudi kutoka safari atakasirika," alimwambia fundi kwa upole, kama anayemwonya. "Hili ni gari lake."

Mama Kidoti akafungua mdomo. Akamtazama mtoto. Akaufunga.

Fundi Kimya akairudisha droo mahali pake, skrubu moja moja, hajamtazama mtu. Alipomaliza akampa ufunguo kwa ncha za vidole.

"Nisamehe, shemeji," akasema.

Ni lile neno "shemeji" lililomchoma, ingawa hasira haikumpa nafasi ya kujiuliza kwa nini.

Gari likawa kimya kabisa. Mama wa maabara akafurahi mpaka akaanza kusinzia njiani. Lakini Mama Kidoti hakulala. Siku ya tatu alipiga simu, haikupokewa. Akatuma ujumbe wa kuomba radhi kwa kumpigia kelele. Kimya. Akaandika: "Fundi, jua limewaka." Kimya. Akajiambia ana majivuno huyo, na ovaroli yake ya pasi, aende. Halafu akajikuta amepita mbele ya kituo cha mafuta mara nne na tangi limejaa.

Siku ya kumi na mbili simu ikapokewa.

"Mama Kidoti, tafadhali. Usinipigie tena."

"Kwa sababu nilikufokea? Fundi, mtu hafokewi akapona?"

"Ungenifokea kila siku ningekuja. Mimi sivunji nyumba ya mtu. Nilivunjiwa, najua inavyouma. Ulikaa na mimi siku saba humo ndani, hukusema una mume."

Akakaa chini kwenye ngazi ya mlango. Ndipo alipoelewa jinsi siku ile ilivyoonekana upande wa pili.

"Amefariki," akasema. Neno lilitoka dogo. "Miaka miwili sasa. Alikwenda kikazi mbali, homa ikamshika, siku tatu tu. Alizikwa kwao."

Upande wa pili alisikia kitu cha chuma kikiwekwa mezani polepole.

"Pole. Pole sana, mama." Kisha akauliza, "Mbona mtoto anamngoja?"

Mama Kidoti akavuta uzi uliochomoza kwenye upindo wa gauni.

"Nisikilize, mpenzi..." Lilimponyoka fundi, na wote wawili walilisikia. "Nakutaka, Mungu ananiona. Lakini nikiingia nyumbani kwako leo, mtoto ataniona mimi ndiye niliyemfukuza baba yake njiani. Kila akisikia kiatu mlangoni au kijiko jikoni, atadhani ni baba yake amerudi. Siwezi. Mwambie kwanza. Hata kama baada ya hapo hutaki kuniona."

Jioni alimsimulia wifi yake, ambaye alikuwa anakung'uta unga kwenye nywele.

"Huyo mwanamume ana akili kutushinda," wifi akasema.

"Badala ya kunitetea!"

"Nikutetee nini? Kaka yangu mimi nilimzika, wifi. Nilitia udongo kwa mkono huu. Wewe hukumzika, umemficha. Na mimi kila nikitaka kumlilia ndani ya nyumba hii, lazima nifunge mdomo kwa sababu mtoto yupo." Sauti yake ikapasuka. Walikumbatiana pale jikoni, unga ukiwaganda mashavuni.

Jumamosi mchana Mama Kidoti alimketisha binti yake kiti cha mbele, gari limezimwa, milango wazi. Alikuwa ameandaa maneno mazuri aliyoyaandika kwenye daftari. Hakuna hata moja lililokuja.

"Kidoti, mwanangu. Baba hayuko safarini. Baba aliugua, akafariki. Mtu akifariki harudi."

Mtoto akatazama mbele, kwenye dashibodi iliyopasuka.

"Lini?"

"Ulipokuwa na miaka mitatu."

"Sasa viatu vyekundu ulivyosema vimetoka kwa Baba, alileta nani?"

"Mimi."

"Na doli?"

"Mimi, mama yangu. Nilikudanganya. Niliogopa utalia nikashindwa kukunyamazisha."

Hakulia. Alishuka, akavua vile viatu vyekundu, akaviweka kwenye kiti na kuingia ndani pekupeku. Siku nzima hakumsemesha mama yake. Jumapili soksi ilichanika kidogo tu kwenye kisigino, naye akalia mpaka akatapika, na shangazi yake akamlaza kifuani akilia naye, safari hii kwa sauti. Jumatatu akaomba mkate. Jumanne akavaa viatu vyekundu. Lakini la baba hakulitamka tena, wala usiku akisali, wala akiulizwa. Akabaki na macho ya mtu anayepima kina cha maji kabla ya kuingia. Mama Kidoti alimwangalia na kujiuliza kama amemvunja.

Alhamisi, wakitoka chekechea, akakata kona kuelekea kwenye mabati. Alijiambia haendi kutaka jibu. Anakwenda kumwambia mtu ukweli usoni, basi.

Fundi Kimya alikuwa amelala chali kwenye sakafu ya gari la mtu, kichwa chini ya usukani, miguu nje. Aliposikia mlango akajitoa, akajipangusa. Ovaroli ilikuwa na mikunjo. Hakuna aliyekuwa ameipiga pasi siku nyingi.

"Jua halijawaka," akasema, hajui aweke wapi mikono.

"Nimeona." Gauni lake la bluu lilimpepea miguuni. Alikuwa amejipangia maneno njia nzima. "Fundi, nimekuja... Yale uliyosema kwenye simu..."

"Usijilazimishe, mama."

"Niache nijilazimishe!"

Akajaribu tena. Machozi yakamtangulia. Fundi akapiga hatua moja, akasimama, kwa sababu Kidoti alikuwa amejiweka kati yao, begi la chekechea mgongoni, akimtazama kuanzia viatuni mpaka usoni. Fundi akachuchumaa wakawa sawa kwa sawa. Alingoja, kama alivyozoea kungoja ndani ya magari ya watu, macho yametulia.

Kidoti akageuka kumwangalia mama yake. Akaunyoosha mkono, akaushika ule wa mama, ndipo akamgeukia fundi.

"Baba yangu alikufa," akasema.