Abiria wa Juu ya Barafu

"Samaki kameza chambo," redio ya upepo ilikoroma. "Dereva na abiria mmoja. Wanakwenda kaskazini."

Solveig Rask aliimwaga kahawa yake kwenye theluji.

Tangu ziwa ligande, alikuwa akiwauzia wavuvi dagaa hai wa chambo, kwenye kibanda cha mbao juu ya barafu, kofia ya sufu hadi kwenye nyusi, akiilalamikia baridi kama muuzaji mwingine yeyote. Hakuna mteja aliyejua kwamba nyuma ya ndoo ya dagaa kulikuwa na bastola ya Glock, wala kwamba muuzaji mwenyewe ni ajenti wa serikali kuu. Kazi yake ilikuwa kuukata mtandao uliowavusha watu kimyakimya kutoka Minnesota kwenda Kanada.

Waliovushwa walikuwa wa aina moja. Watu waliofungwa kwa kuwadhuru watoto, wakaachiwa kwa sharti la kujiandikisha kwa sherifu kila wanapohamia, kisha wakatoweka.

Alikuwa amekwisha kuiwasha Polaris yake, pikipiki ya theluji, redio ilipoita tena.

"Solveig."

Alikuwa Prudhomme, mkuu wake. Hakutumia jina la kazini.

"Abiria ni Vernon Duhaime. Ndiyo kwanza tumejua. Unaweza kujitoa. Hakuna atakayekulaumu."

"Nani mwingine yuko karibu?"

"Hakuna."

"Basi," alisema, akaondoka.

Duhaime.

Aliwahi kumpa mkono mtu huyo. Ilikuwa mezani kwa dada yake, Annika. Jirani mpya, mwenye tabasamu, fundi wa baiskeli za watoto wa mtaa mzima. Solveig, aliyelipwa mshahara kwa kunusa uongo, hakunusa kitu. Alimpakulia viazi.

Miaka ya nyuma mtu kama yule asingefika mezani pale. Kaunti ilikuwa na mzee Orrin Lindahl, naibu wa sherifu, aliyelipwa kwa ruzuku ya serikali kuu. Orrin aligonga milango. Alihakikisha kila aliyejiandikisha analala pale alipoandikisha, na mmoja wao akihamia karibu na watoto, aliwapelekea majirani karatasi yenye picha, akakaa nao jikoni mpaka hofu iwatoke. Ndiye aliyemfundisha Solveig kazi, angali binti mbichi.

Kisha wakubwa wa kaunti wakaona kuiomba ruzuku kila mwaka ni usumbufu. Ripoti nyingi, wahalifu wachache. Wakaacha kuiomba. Orrin alikatiwa keki, akapelekwa nyumbani.

Duhaime alijiandikisha kwenye nyumba iliyokwisha kuungua. Hakuna aliyekwenda kutazama. Akapanga jirani na Annika.

Maja, mtoto wa Annika, alikuwa na miaka tisa. Zamani alimpigia mama yake mdogo simu kila Jumapili, akamwimbia wimbo wowote uliomkaa kichwani wiki ile. Sasa hasemi na mtu. Duhaime alitoweka kabla polisi hawajafika.

Baada ya hapo ruzuku iliombwa upya. Ikaja haraka sana.

Mbele, nukta nyeusi.

Solveig aliinua darubini. Pikipiki moja, ikiburuta kigari cha kuteleza. Ndani ya kigari, mtu aliyejifunika blanketi. Njia ya Kanada ilikuwa kushoto, wavuvi walikuwa wameichomekea matawi ya misonobari kila mahali.

Dereva alikata kulia.

Kulia kulikuwa na mdomo wa mto. Pale maji hutembea kutwa kucha chini ya barafu, yakiila kutoka tumboni. Kila mwenyeji alilijua hilo kabla hajajifunza kusoma. Na dereva yule hakuwa mgeni: aliendesha goti moja likiwa juu ya kiti, mwili ameulaza kwenye upepo.

Mtu mmoja tu aliendesha hivyo.

Solveig hakungoja macho yathibitishe. Akakaza mafuta.

Hakuwahi. Dereva alichomoa pini ya kigari, akakwepa kando. Kigari kikaendelea kuteleza peke yake, kikazunguka, kikasimama. Duhaime akainuka, akatazama huku na huku.

Barafu ikalia. Ikafunguka.

Solveig aliruka chini na kamba mkononi. Dereva alikuwa ameshuka, ameivua kofia yake ngumu. Nywele zake zilikuwa nyeupe tupu.

"Rudi kibandani, binti," Orrin alisema kwa upole. "Hukuniona."

"Umefanya kazi nao?"

"Niliwaambia nalijua ziwa na nina njaa. Nilikuwa namsubiri huyu tu."

Kule majini Duhaime alikuwa akiparura kingo, zikimvunjikia mikononi.

Solveig alijifunga kamba kiunoni. Ncha ya pili alimtupia mzee miguuni.

"Shika."

"Kwa ajili ya yule?"

"Mahakama inamngoja, Mzee. Shika."

Orrin hakuinama.

Solveig alikwenda hivyo hivyo. Alilala kifudifudi, akatambaa, barafu ikinung'unika chini ya kifua chake. Akamfikia. Akaukamata mkono ule ule aliowahi kuupokea mezani kwa Annika. Duhaime alimng'ang'ania kwa pupa, na ukingo ukawakatikia wote wawili.

Maji yalimpiga kama nyundo. Hewa ikamwisha. Akawaza kumwachia. Aliwaza hivyo waziwazi, na vidole vikaanza kufunguka.

Kamba ikakaza.

Mzee alikuwa amepiga magoti, anavuta, analia kwa sauti kama mtoto. Alivuta mpaka wote wawili wakawa juu ya barafu ngumu. Solveig alimfunga Duhaime pingu, akamtupia blanketi, kisha akamgeukia mwalimu wake.

"Ningekuwa nimeugonga ule mlango," Orrin alisema.

"Walikuondolea kazi."

"Miguu hawakuniondolea."

Akanyoosha mikono mwenyewe. Pingu zilikuwa baridi. Solveig aliivuta mikono ya koti la mzee chini ya pingu hizo ili zisimgande kwenye ngozi.

Helikopta ilikuja na Prudhomme ndani. Polisi wa Kanada walikuwa wamewakamata wapokezi wote ng'ambo, alisema, na vinywa vimeanza kufunguka. Mtandao umekwisha. Alimtazama Orrin, akaitambua sura. Akampa Solveig koti kavu.

Simu aliyoiacha kwenye Polaris iliita. Annika. Habari hutembea upesi katika miji midogo.

"Ni kweli alizama?"

"Ni kweli."

Akaisikia pumzi ndefu ya dada yake, ya kwanza tangu siku ile.

"Yu hai, Annika."



"Nani alimtoa?"

"Mimi."

Alingoja. Akasikia kiti kikivutwa, mlango ukifunguliwa mahali fulani ndani ya nyumba ile, kisha simu ikakatwa.

Solveig alifunga zipu ya koti hadi shingoni. Prudhomme alimwonyesha nafasi ndani ya helikopta. Yeye akatikisa kichwa, akaenda kwa miguu kuelekea nchi kavu, mgongo umenyooka, hageuki.