Sabra na Mbuzi Mwenye Kelele

Sogeeni karibu, watoto. Kaeni kimya kidogo, maana hadithi yenyewe ina kelele za kutosha.

Sabra ana miaka sita. Anaishi Lushoto, huko milimani kwenye ukungu na baridi.

Sabra ana mbuzi. Mbuzi mdogo, mweusi, masikio marefu. Anaitwa Tarumbeta. Mkimsikia tu, mtajua kwa nini.

Meee! Tarumbeta analia.

Siku hizi nyumbani kuna mtoto mchanga, Idrisa. Mama yuko ndani na mtoto, arobaini haijaisha. Bibi amekuja kumpikia. Kila siku Bibi anamenya ndizi, na maganda yanajaa ndoo iliyo kando ya banda la mbuzi.

Wageni nao wanakuja kumwona mtoto. Leo wawili, kesho watano. Wakipita bandani, Tarumbeta anawapokea kwa kelele. Mgeni anachukua ganda ndooni, anamtupia ili anyamaze.

*Meee! Tarumbeta analia.*
*Pwaa! Ganda linaanguka.*
*Nyamu, nyamu, nyamu. Kimya.*

Lakini ganda likiisha, je? Meee! Idrisa anaamka. Ngaa, ngaa! Mama naye halali. Macho yake yamekuwa mekundu kwa uchovu.

Baba akasema basi, imetosha. Jumapili angempeleka Tarumbeta Korogwe kwa Shangazi. Akakae huko.

Sabra alilia, jamani. Korogwe ni mbali. Na Tarumbeta ni rafiki yake.

Alipomaliza kulia, akafuta kamasi. Akakaa kwenye kigoda mbele ya banda, akatazama. Hakucheza. Hakuondoka. Alitazama asubuhi yote.

*Meee! Tarumbeta analia.*
*Pwaa! Ganda linaanguka.*
*Nyamu, nyamu, nyamu. Kimya.*

Sabra akainuka, akaenda jikoni.

"Bibi," alisema, "sisi ndio tunaomfundisha kelele. Akilia, anapewa. Akinyamaza, hakuna anayemkumbuka."

Bibi akaacha kumenya. Akamtazama Sabra. Halafu akacheka mpaka akaweka kisu chini.

"Kumbe mbuzi ndiye anayetufuga sisi," alisema Bibi.

Basi wakakubaliana. Akipiga kelele, hapewi kitu. Akinyamaza, anapewa ganda hapo hapo.

Mnadhani Tarumbeta alinyamaza? Thubutu!

Meee! Hakuna ganda. MEEE! Hakuna ganda. MEEEEE! Alipiga kelele kuliko siku zote, mpaka kuku wakakimbia.

Mama Shemdoe, jirani yao, alikuja na uji wa mzazi. Akamhurumia mbuzi. Mkono wake ukaenda ndooni.

Sabra akamshika mkono, kwa adabu. "Shikamoo, Mama Shemdoe. Naomba usimpe. Bado anapiga kelele."

Mama Shemdoe akaitikia marahaba, akaurudisha mkono. Mtoto huyu ana moyo, aliwaza.

Lakini moyo wa Sabra ulikuwa unamuuma. Alitamani kumpa moja tu. Akakaza mikono nyuma, akangoja.

Mara Tarumbeta akachoka. Akanyamaza ili avute pumzi. Kidogo tu, kama kufumba jicho.

Pwaa! Sabra akampa ganda. "Vizuri, Tarumbeta."

Tarumbeta akashangaa. Akatafuna huku anamtazama Sabra.

Safari ya pili, Sabra alihesabu mpaka mbili ndipo akampa. Halafu mpaka tano. Kesho yake, mpaka ishirini. Tarumbeta alipokosea na kulia, Sabra alianza tena kuhesabu, bila kumgombeza. Haba na haba hujaza kibaba.

*Kimya. Tarumbeta ametulia.*
*Pwaa! Ganda linaanguka.*
*Nyamu, nyamu, nyamu. Kimya tena.*

Jumapili ikafika. Baba akaja bandani na kamba mkononi. Sabra akasimama kando.

Tarumbeta akamwona Baba. Akafungua mdomo.

Halafu akaufunga.

Baba akangoja. Wageni wanne wakapita, wakaingia ndani, wakatoka. Tarumbeta akawatazama tu, kimya, masikio yakicheza.

Baba akamuuliza Sabra amemfanyaje mbuzi huyu. Sabra akamweleza yote. Baba akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akainama, akachukua ganda moja, akampa Tarumbeta mwenyewe.

Akatoa simu, akampigia Shangazi. Alinong'ona, maana ndani watu walikuwa wamelala.

"Dada, mbuzi haji. Ana kazi huku."

Shangazi akauliza kazi gani.

"Kunyamaza," alisema Baba. "Na mwalimu wake ni Sabra. Mimi mwenyewe nimejifunza."

Sabra akaingia ndani kwa kunyata. Idrisa alikuwa amelala. Mama naye alikuwa amelala, mchana kweupe, kwa mara ya kwanza tangu mtoto azaliwe.

Sabra akapanda kitandani taratibu. Mama, bila kufumbua macho, akamvuta karibu na kumfunika kwa khanga.

Na Sabra naye akalala.