Soketi yenye Uzi Mwekundu

Jumanne, saa mbili na robo asubuhi, gurudumu la trela lilikutwa limelala mchangani, hatua mia nne kutoka barabara ya Djibouti, kilomita tisa baada ya kutoka Mille. Lori lenyewe lilikuwa limepinduka mtaroni. Dereva Yirgalem alikuwa bado ameshika usukani, lakini roho ilikuwa imekwisha kutoka.

Sajini Humed hakuanzia kwa meneja wa kampuni. Alikwenda moja kwa moja karakana, kwa fundi Gebeyehu, kwa sababu jina la Gebeyehu ndilo lililokuwa kwenye karatasi ya matengenezo. Siku mambo yakiharibika, jina la mkubwa huwa halionekani kwenye karatasi hata moja.

"Gashe, panda gari," alisema sajini, akimwita kwa jina la heshima ambalo kila mtu wa Mille alilitumia kwake. "Ukaone kazi yako."

Gebeyehu alikuwa na miaka hamsini na nane, na ishirini na sita kati ya hiyo ameimaliza chini ya malori. Alipofika alipiga magoti mbele ya gurudumu, akafungua kifuniko cha habu, kitovu cha gurudumu. Ndani mlikuwa na nati kubwa ya pembe nane, ile inayoshikilia gurudumu zima lisichomoke. Pembe zote nane zilikuwa zimelambwa, laini kama sabuni iliyotumika. Nyuma yake beringi ilikuwa imeungua, imekuwa ya bluu.

"Beringi hii si yangu," alisema. "Jumamosi nilitia mpya, nikaipiga nukta zangu tatu. Hii ni ya zamani, niliitoa mwenyewe nikaitupa kwenye pipa la vyuma."

"Kila fundi husema hivyo, Gashe."

"Na nati hii imekazwa kwa kikombe cha chuma, soketi, kikubwa kuliko yenyewe. Imeteleza, imeteleza, mtu akachoka akaiacha nusu. Mimi huyo?"

Sajini alivua kofia akajipangusa jasho. "Marehemu ana watoto watatu. Lazima mtu ajibu. Gari la kupeleka mahabusu Semera linakuja kesho saa tisa alasiri. Kama una la kusema, liseme kabla ya hapo. Vinginevyo utapanda wewe."

Jioni ile Gebeyehu alikaa chumbani kwake akachemsha kahawa, kwa birika la udongo la marehemu mkewe, Wubit. Kahawa ya kwao hunywewa mara tatu, na kikombe cha tatu huitwa baraka. Alikunywa cha kwanza, akamwaga iliyobaki. Miaka miwili sasa hakuwahi kufika cha tatu. Miaka miwili tangu usiku ule Wubit aliposhikwa na tumbo, na pikapu ya kampuni ikiwa imesimama uani, na meneja, Ato Mesfin, yaani Bwana Mesfin, akasema dirishani kwamba mafuta yale ni ya kazi. Walimkodia Wubit gari la kubebea mbuzi. Alifia njiani. Sasa meneja yuleyule angetia sahihi karatasi ya kumpeleka yeye jela, kisha akanywa chai yake vizuri.

Jumatano saa mbili asubuhi alikuwa karakana. Fundi mwenzake, Dachasa, alikuwa amekaa juu ya tairi, uso umemshuka.

"Wanasema ni mimi," Dachasa alisema. "Kwa vile tuligombana na Yirgalem Ijumaa."

"Ulimwambiaje?"

"Kwamba anaendesha kama amebeba mayai ya shangazi yake."

"Hilo nalo tusi?"

"Kwa dereva wa Djibouti? Bora ungemtukania mama."

Gebeyehu alikuwa amekwisha chuchumaa chini ya trela jingine. "Nipe soketi ya habu," alisema.

Dachasa alipeleka mkono nyuma, rafuni, bila hata kugeuza shingo, akampa soketi iliyofungwa uzi mwekundu shingoni. Gebeyehu aliitazama kwa muda, kisha akamrudishia.

"Si wewe," alisema.

"Umejuaje?"

"Kaa hapo. Usiende kokote."

Rafu ile ilikuwa na soketi saba kubwa. Sita zilikuwa na nyuzi: nyekundu, kijani, manjano, na nyingine za rangi mbilimbili. Wubit alizichomoa kwenye pindo la shuka lake jeupe la kanisani akazifunga, kwa sababu mumewe alisumbuliwa na namba, na rangi haikumsumbua. Ya saba haikuwa na uzi. Ilikaa chini kabisa, na kazi yake ilikuwa kugongea beringi tu. Gebeyehu aliichukua. Mdomoni mlikuwa na unga mpya wa chuma, umegandamana na grisi nyekundu. Grisi nyekundu ilifunguliwa Jumamosi, ikatumika kwenye habu moja tu, ya lori la Yirgalem.

Saa nne alikuwa getini kwa mlinzi, Kadafo.

"Lori la Yirgalem lililala hapa tangu Jumamosi mpaka Jumanne alfajiri?"

"Lililala."

"Jumapili nani alikuja?"

"Hakuja mtu. Ninyi mlikuwa kanisani. Hata mbwa hakuja."

"Kadafo, nitafungwa."

"Wallahi hakuja mtu, Gashe! Nikudanganye ili iweje?"

Gebeyehu aliketi kwenye jiwe. Jua lilikuwa limeanza kuuma. "Haya. Hakuja mtu. Ndani alikuwemo nani?"

"Ah, ndani! Ndani alikuwemo Ato Mesfin. Si anaishi humu? Huyo hakuja, alikuwepo."

"Akifanya nini?"

"Nitajuaje kazi za wakubwa? Nilisikia nyundo karakana. Nje ya geti hapa palikuwa na trela la shemeji yake, gurudumu linafuka moshi. Saa tisa likaondoka vizuri. Lipo kituo cha mafuta, linangoja mzigo."

Shemeji huyo Mille nzima ilimjua. Hakuwahi kumiliki hata toroli.

Gebeyehu hakwenda kula. Alikwenda polisi. Saa saba yeye, sajini na Dachasa walikuwa kituo cha mafuta, wamelala chini ya trela la shemeji.

Saa nane na nusu sajini aliwakusanya karakana. Juu ya gunia zilipangwa soketi saba, na kando yake nati nzima, ndugu ya ile iliyolambwa. Ato Mesfin alifika akitazama saa yake.

"Sajini, huyu mzee amekiri au bado? Nina magari saba barabarani."

"Dakika mbili tu, Ato Mesfin. Mafundi wanabishana, mimi sijui vyuma. Nati hii hukazwa kwa soketi ipi?"

"Mnaniita kwa hilo?" Meneja alicheka. Alichuchumaa, akazigeuza soketi mojamoja akisoma maandishi ubavuni, akainua ile isiyo na uzi. "Nati ni milimita tisini na tano. Hii hapa, tisini na tano. Kazi ya kusoma tu."

Dachasa aliguna.

"Itie," alisema Gebeyehu.

Meneja aliitia. Nati ilicheza ndani yake kama mguu wa mtoto ndani ya kiatu cha baba.

"Soketi hiyo iliisha miaka sita iliyopita," Gebeyehu alisema. "Imetanuka. Hii ya uzi mwekundu imeandikwa tisini, lakini niliipasha moto nikaigongelea juu ya nati mpaka ikawa tisini na tano. Humu ndani hakuna fundi anayesoma namba. Namba zinadanganya. Tunasoma nyuzi. Iliyolamba nati ya Yirgalem ni hiyo mkononi mwako, na mwenye kuichukua ni mtu asiyefanya kazi hapa, mwenye ufunguo wa hapa."

"Kusoma namba kumekuwa kosa?" Meneja alimgeukia sajini. "Sijawahi kushika vyuma hivi!"

Sajini alifungua mfuko, akatoa beringi mpya inayong'aa kwa grisi nyekundu. "Gashe hupiga nukta tatu kwenye kila beringi anayoitia. Hii nimeitoa saa saba kwenye trela la shemeji yako. Hesabu nukta. Na shemeji yako amekwisha sema trela ni la nani."

Nje lori lilipita likielekea mpakani, mabati yakatetemeka.

"Trela lingekosa mkataba," Ato Mesfin alisema mwishowe, kwa sauti ndogo. "Beringi haikupatikana Mille nzima. Kuwaita ninyi nisingeweza, kampuni ingejua nina gari. Ya zamani ingefika Djibouti na kurudi, ndivyo nilivyodhani. Ningeirudisha mpya." Kisha akapandisha sauti. "Na niliikaza! Ilikuwa inateleza, lakini imeandikwa tisini na tano! Ningejuaje mimi?"

"Uliambiwa," Gebeyehu alisema.

Sajini alitoa karatasi nne, zimegeuka rangi. "Tumezikuta kwenye faili lako. Zote zina sahihi yako na neno moja, imekataliwa." Akasoma ya juu: "'Kwa meneja. Soketi iliyoandikwa tisini na tano imekwisha, inateleza, itaua mtu. Tunatumia ya tisini iliyopanuliwa, yenye uzi mwekundu. Tunaomba mpya. Gebeyehu, fundi.'"

Meneja alitazama soketi mkononi mwake, akaiweka chini polepole.

"Kuna mstari mwingine," sajini alisema. "'Mimi ninayeandika ni mkewe, Wubit. Yeye hajui kuandika, lakini hajawahi kukosea nati. Tafadhali someni mpaka mwisho.'"

Gebeyehu aligeuka akashika rafu. "Huo mstari sikumwambia auandike," alisema.

Saa tisa na dakika tano gari la Semera lilifika. Aliyepanda ni Ato Mesfin. Gebeyehu aliomba apewe barua.

"Ni ushahidi, Gashe. Siwezi."

"Basi nisomee tena. Pale mwisho."

Sajini alisoma tena, wamesimama juani, watu wawili.

Jioni Gebeyehu alichemsha kahawa. Alikunywa kikombe cha kwanza. Akaongeza maji, akanywa cha pili. Hakuna aliyebisha hodi, wala hakumngoja mtu. Akaongeza maji kwa mara ya tatu, akamimina baraka, nyepesi karibu kama maji, akainywa yote.