Mjomba Lauti Arudi Mkekani

Harufu ya kakao inayokaangwa iliingia ndani Jumapili mchana, watu wakiwa wamejinyoosha baada ya kula. Fetuao akainuka kwenda jiko la nje kutazama. Majivu yalikuwa baridi, na aliyezoea kukaanga kakao hapo alikuwa mjomba Lauti peke yake.

Akarudi kulala. Tangu msiba uanze alikuwa akipokea wageni, akikunja mikeka, akigawa nyama ya nguruwe, akitabasamu mpaka mashavu yakamuuma. Mjomba Lauti, aliyemlea tangu mchanga, alikuwa amezikwa mbele ya nyumba, chini ya saruji mbichi. Ndiye aliyekuwa wa mwisho katika ndugu wa mama yake. Fetuao hakuwa amemlilia bado, alikosa nafasi.

"Mama," binti yake Iosefina alinong'ona, "umesikia babu anakohoa?"

"Lala. Mvua hiyo."

"Mvua gani na jua lote hili?"

Kikohozi kikaja tena, kizito, cha taratibu, kikitoka kaburini hadi kizingitini, na kutoka kizingitini hadi kwenye nguzo aliyozoea kuegemea mzee, na mkeka wa pale ukabonyea polepole kama mtu wa magoti mabovu anavyojishusha, na kabla Fetuao hajapiga kelele Iosefina akaketi wima, macho yamegeuka meupe, akafunua mdomo ikatoka sauti ya mwanamume mkongwe.

"Fetu, mwanangu. Kule baridi. Njooni tukae wote."

Masina, mganga wa jirani, aliposikia mayowe ya Fetuao alikuja mbio na majani mabichi aliyoyaponda, akamsugua msichana viungo vyote.

"Mimi namshika mtoto tu," alisema kwa sauti ya chini. "Wa kumfukuza mzee ni wewe, damu yake."

"Mwache kidogo, mama," Fetuao alimsihi. "Nimsikie sauti tu."

"Hiyo sauti anaichota kwa mtoto! Hebu mwangalie midomo."

Midomo ya Iosefina ilikuwa imeanza kuwa ya bluu.

Fetuao akapiga magoti. "Mjomba, nimekuogesha, nimekulisha, nimekuzika. Nimechoka. Wazee wote mmekwenda, sina tena wa kumuuliza neno, na huyu ndiye niliyebaki naye. Nenda, mjomba wangu. Nenda, usirudi." Hapo ndipo kilio kilipomtoka, kirefu, kibaya, mpaka Masina naye akafuta macho.

Mkeka ukainuka. Hewa ikawa nyepesi. Iosefina akavuta pumzi, akaomba maji, akanywa kikombe kizima.

"Babu ametoka," alisema, akitazama juu ya bega la mama yake. "Ila wale bibi aliokuja nao, mbona wamebaki wamekaa nyuma yako?"

Masina akaacha majani yake, akaondoka bila kuaga. Fetuao alihisi ubaridi kwenye kisogo, kama pumzi za watu wengi. Hakugeuka. Nguvu ya kufukuza wengine hakuwa nayo.