Maneno Aliyolishwa Yvonne

Wenzangu wenye watoto, sogeeni, kisa hiki ni chetu. Jumamosi hiyo ploti moja ya nyumba za kupanga mtaani Kabiro, Nairobi, ilikuwa imetulia. Mbula alikuwa akipika muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, na watoto wake, Makau wa miaka kumi na miwili na Yvonne wa miaka saba, walikuwa wakicheza mpira ghorofa ya juu. Mpira ukaangusha shuka lililoanikwa. Kagiri, msimamizi wa ploti, mtu wa hasira za karibu, akapanda juu akifoka na kumsukuma Makau kwenye ngazi.

Makau hakufa, lakini tangu siku hiyo hatembei wala hasemi. Kagiri akakana katakata. "Alianguka mwenyewe. Hao watoto ni watundu." Shahidi alikuwa mmoja tu, Yvonne.

Polisi wakampeleka kwa Filister, mtaalamu wa saikolojia ya watoto. Filister akaketi naye sakafuni, wakachora kwa kalamu za rangi, hadi mtoto akaanza kueleza mwenyewe: "Alimsukuma hapa kifuani. Makau akapinduka." Yote yakarekodiwa.

"Mama Makau," Filister akamwambia Mbula, "tafadhali msimuulize tena, wewe wala watu wa kanisa lako. Maneno yake yanatosha. Daktari ataeleza majeraha, na mimi nitaeleza vile mtoto alizungumza."

"Sawa, madam," Mbula akaitikia, lakini moyoni alimdharau. Mtu mzima anayechora sakafuni, huyo ndiye atamfunga Kagiri? Ole wetu sisi tunaojua kila kitu!

Basi kila jioni baada ya chakula, Mbula alimwita Yvonne.

"Kuja usimame hapa. Kagiri alifanya nini?"

"Alimsukuma."

"Na chuma je?"

"Mum, mimi sikuona chuma."

"Wee! Kusukuma pekee watasema ni ajali. Alimpiga na chuma kwanza, halafu akamsukuma. Haya, sema."

Yvonne akasema. Akarudia na kurudia, hadi maneno yakamtoka mbio kama mstari wa Biblia wa Sande skul. Akina mama wa kanisani walipokuja kuombea nyumba, walimpigia makofi.

Msikimbilie kumlaumu Mbula. Alikuwa akimlisha kijana wake mkubwa uji kwa kijiko, huku Kagiri, aliyekuwa nje kwa dhamana, akipita mlangoni akipiga mluzi. Nani kati yetu angevumilia?

Siku ya kesi, kule mahakama ya Kibera, Yvonne alisimulia bila kupumua, chuma na vyote. Kisha daktari akaeleza kuwa majeraha ya Makau ni ya kuanguka, na alama ya kupigwa kwa chuma hakuiona. Filister akaulizwa kama mtoto alitaja chuma siku ya kwanza.

"Hapana," akajibu.

"Amefundishwa?" wakili wa Kagiri akauliza.

Filister akamtazama Mbula, na machozi yakamlengalenga. Alikuwa amekula kiapo. "Ndiyo, amefundishwa. Lakini yale ya kwanza yalikuwa yake mwenyewe."

Maji yalikuwa yameshamwagika. Hakimu alisema rekodi ya siku ya kwanza pekee haitoshi, maana mtoto amesema mengine mbele yake; hawezi tena kutenganisha alichokiona na alicholishwa, na palipo na shaka hawezi kumfunga mtu. Kagiri akatoka akiwa huru.

Mbula aliketi chini nje ya mahakama akalia kwa sauti, bila kujali watu. Yvonne akamshika leso.

"Mum, nilisahau wapi? Si nilisema yote?"

Mbula akajifunika uso kwa ile leso.

FUNZO

Mtoto akiona au akitendewa uovu, mpeleke mapema kwa wanaojua kazi hiyo, daktari wa majeraha na mtaalamu wa watoto, kisha umwachie maneno yake. Wataalamu hawa ndio nguzo ya kesi ya mtoto, lakini hawawezi kuusimamisha uongo wetu, hata uwe uongo wa mapenzi. Ukiutia chumvi ukweli wa mtoto, unamfungulia mkosaji mlango, na mtoto ndiye atakayeishi akidhani kosa lilikuwa lake.