Tonge la Bibi na Mayai ya Majimoto

Buakham aliviona vidole vya Bibi kabla ya kuona kitu kingine chochote. Vilichota wali wa kunata kutoka kwenye kikapu, vikaufinyanga kuwa tonge dogo, vikalichovya kwenye mchuzi, kisha vikalipeleka mdomoni mwa Orathai.

Walikuwa wameketi mkekani barazani, kama kila asubuhi pale kijijini Nong Yang. Ila asubuhi hizi walikuwa watatu. Orathai, mtoto wa mjomba, alikuwa amekuja kutoka Bangkok kwa likizo ya kiangazi.

"Kula, mjukuu wangu," Bibi Thongdi alisema. "Huko mjini wanakulisha nini? Umekonda kama fimbo."

"Bibi, mimi nina mikono!" Orathai alicheka, lakini alifungua mdomo.

Buakham alifinyanga tonge lake mwenyewe. Alijaribu kukumbuka lini Bibi alimlisha yeye, akashindwa.

"Buakham, ukimaliza ukachote maji," Bibi alisema bila kumtazama. "Na uniangalizie kama unga wa muhogo upo."

Maji na unga, Buakham aliwaza. Mwenzangu analishwa, mimi natumwa.

Aliutazama mchuzi. Juu yake yalielea mayai meupe, laini, makubwa kidogo kuliko punje za wali. Ghafla alipata wazo, akamsogelea Orathai.

"Unajua unachokula?"

"Maharage?"

"Mayai ya majimoto. Wale wadudu wekundu wanaoshona majani juu ya miti. Wanauma hao! Na huyo mwenye mabawa kwenye bakuli lako ni mama yao."

Orathai aliacha kutafuna. Buakham alisubiri akimbilie ngazi akateme. Mtu wa mjini atatema tu, alijiambia, na Bibi atachoka naye.

Orathai alimeza. Alijilamba midomo, akafikiri kidogo.

"Kumbe ndiyo maana yana uchachu. Bibi, niongeze."

Bibi alicheka hadi akajifuta machozi. "Jamani! Huyu ni wa kwetu kabisa!" Akachagua kwenye bakuli lake malkia aliyenona kuliko wote, akampa Orathai.

Buakham aliinamisha kichwa. Kila mwaka malkia wa kwanza alikuwa wake.

Jioni mambo yalizidi. Walikwenda kwenye miti nyuma ya shamba kutafuta mayai. Bibi alibeba mwanzi mrefu wenye kikapu karibu na ncha. Tangu alipokuwa mdogo, Buakham alikuwa akishika beseni la kupokelea mayai chini, akisubiri siku atakayoambiwa, "Haya, leo mwanzi ushike wewe." Siku hiyo Bibi aligeuka, akampa Orathai.

"Shika hapa. Toboa chini ya kiota tu, halafu tikisa polepole. Juu usiguse, ndipo wanapoanzia kushona upya."

Mama Kaewta, jirani yao, alikuwa akipita na ng'ombe wake. "We Buakham!" aliita. "Naona umeletewa bosi kutoka Bangkok!"

Bibi na Orathai walicheka. Buakham alikaza macho kwenye beseni.

Kesho yake mchana, Bibi akiwa amelala, Buakham alichukua mwanzi na kwenda kwenye mfenesi nyuma ya jiko. Huko juu kulikuwa na kiota kikubwa kuliko vyote. Bibi alikuwa amekitunza kwa ajili ya Mwaka Mpya wao wa mwezi wa nne, watoto wake wote watakaporudi nyumbani. Buakham alijiona tayari akiingia barazani na beseni limejaa. Bibi angempigia makofi. Orathai angetazama tu.

Alitoboa chini, akatikisa. Yalianguka mayai machache. Alitoboa ubavuni. Yakaja machache zaidi. Alikumbuka kicheko cha Orathai na ule mwanzi mikononi mwake. Akaichomeka ncha katikati ya kiota, akavuta kwa nguvu zote.

Kiota kizima kilichanika. Hakikuangukia kwenye kikapu. Kilimwangukia yeye.

Majimoto walimwingia kwenye nywele, shingoni, ndani ya shati. Buakham aliruka, akajipigapiga, lakini hakupiga kelele. Hata kulia kwa sauti aliona haya.

"Usisimame hapo, toka!" Ilikuwa sauti ya Orathai. Alikuja mbio na mfuko mzima wa unga wa muhogo, akaumwaga wote juu ya kichwa cha Buakham. "Bibi alisema wakipakwa unga hawashiki! Jipanguse! Aii, wananiuma na mimi!"

Bibi alipofika, aliwakuta weupe wote wawili, wakirukaruka na kujikuna. Alikitazama kiota kilichochanika na mayai yaliyotapakaa mchangani. Alivunja tawi, akaliegemeza kwenye shina la mfenesi ili majimoto wapande. Wengine tayari walikuwa wamebeba mayai midomoni.

"Tusiokote hata moja," alisema. "Waacheni wawachukue watoto wao."

Kisha aliwakalisha kwenye ngazi, akaanza kuwapaka zeri.

"Nani alikushikia beseni?" alimuuliza Buakham.

"Hakuna."

"Mbona hukuniamsha?"

Buakham alijipangusa unga magotini.

"Mimi najua, Bibi," Orathai alisema. "Amekasirika kwa sababu yangu. Hata mimi namkasirikia yeye."

Buakham aligeuka kwa mshangao. "Mimi? Nimekufanya nini?"

"Kila kitu hapa anaulizwa Buakham! Buakham, unga upo? Buakham, kamba iko wapi? Mimi nalishwa tu kama mgonjwa. Hata beseni sijawahi kupewa."

"Unataka beseni?" Buakham hakuamini. "Lile beseni zito?"

"Nalitaka!"

Bibi aliiweka chini chupa ya zeri. Aliwatazama mmoja baada ya mwingine.

"Nisikilizeni," alisema. "Mwenye wivu hahesabu alichopewa yeye, anahesabu cha mwenzake tu. Buakham, ulikuwa na haraka ya kumshinda mwenzako, ukasahau kazi unayoijua kuliko sisi wote. Umeumia, kiota kimechanika, na Mwaka Mpya tutakula kidogo. Hilo ni kosa, nawe utanisaidia kulinda mti huu hadi washone tena."

"Ndiyo, Bibi."

"Na mimi nina langu. Nilidhani mtoto wa nyumbani hahitaji kuambiwa kuwa anapendwa. Lakini wajukuu wangu, mimi siwezi kuona yaliyo moyoni mwa mtu. Ukitaka kitu kwangu, fungua mdomo uniambie. Usiende kukitafuta mtini."

Jioni, majani machache juu ya mfenesi yalikuwa yameanza kuvutwa pamoja. Barazani hakukuwa na mayai, palikuwa na pilipili ya kutwanga na samaki tu. Orathai ndiye aliyechota maji. Nusu aliyamwaga njiani, lakini alirudi akitembea kama mtu aliyeshinda mbio.

Bibi alichota wali kikapuni, akaufinyanga, akauchovya kwenye pilipili. Mkono wake ulianza kuelekea kwa Orathai, kama ulivyozoea.

Buakham alikuwa ameshika tonge lake mwenyewe. Alilirudisha kikapuni. Masikio yalimwaka moto kuliko pale alipoumwa na majimoto.

"Bibi," alisema, "nilishe na mimi."